Majibu Yarudi Nyumbani: Historia Fupi ya Utafiti Kwetu, Kutoka Lwiro Hadi Kambini



Mwezi uliopita tulikaa chini ya mwembe na wadogo zetu waliofika mahali pa kuchagua masomo ya sekondari. Walikuwa kumi na mmoja. Tisa walisema wanachukua historia, lugha na biashara. Hakuna ubaya, hata sisi tunaoandika hapa wengi wetu ni watu wa historia. Lakini tulipowauliza kwa nini hawataki sayansi, mmoja wao, binti wa Uvira, alijibu haraka: "Sayansi ni ya kwao. Sisi hata maabara hatuna."

Kuhusu maabara tulinyamaza, maana ni kweli. Kilichotukera ni yale maneno mawili, "ya kwao". Kwao wapi? Uvira anakotoka huyo binti kuna kituo cha utafiti wa ziwa kilichoanza kabla baba yake hajazaliwa. Hakujua. Na tuseme ukweli, wengi wetu tuliokuwa pale hatukujua pia.

Kwa hiyo tumekaa, tumesoma, tumeuliza wazee na walimu, na haya ndiyo tuliyoyapata. Ni historia ya utafiti katika nchi zetu za maziwa makuu: maji, moto wa ardhini, chakula, magonjwa. Tunaiandika kwa ajili ya yule binti, na pia kwa ajili ya ndugu wa mashirika wanaotusoma hapa.

Nyumba kubwa ya Lwiro

Ukitoka Bukavu kwenda kaskazini, ukapita Miti na Kavumu, unafika Lwiro. Pale kuna majengo makubwa kiasi kwamba mgeni asiyejua anaweza kudhani ni monasteri, au ikulu ya mfalme fulani. Ni kituo cha utafiti.

Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kisayansi kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa, IRSAC. Lwiro ndiyo ikawa makao makuu. Upana wa kazi yao unashangaza hata leo. Lwiro yenyewe walichunguza wanyama, mimea, matetemeko ya ardhi na lishe ya watoto. Uvira walichunguza Ziwa Tanganyika. Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare na leo ni Huye kule Rwanda, walichunguza jamii za watu na maisha yao. Mabali, karibu na Ziwa Tumba, walichunguza msitu wa ikweta. Yaani taasisi moja ilitaka kujua kila kitu, kuanzia mdudu chini ya jani hadi mtikisiko wa mwamba chini ya mlima.

Hapa lazima tuseme upande wa pili. Huo ulikuwa wakati wa ukoloni. Maswali yaliulizwa na watu waliotoka Ulaya, yakaandikwa kwa Kifaransa, na majibu yakasafiri kwenda Ulaya. Wazee wetu walikuwepo, tena kila siku. Wao ndio waliojua jina la kila mti, wao ndio waliopiga kasia, wao ndio waliobeba vifaa mgongoni kupanda milima. Lakini chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, Lovanium pale Kinshasa, kilifungua milango mwaka 1954 tu, na uhuru ulipokuja 1960 Wakongo waliokuwa na shahada walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa namna ile. Mtu aliyeweza kumwonyesha mtafiti njia ya msituni hakuwa na njia ya kuwa mtafiti mwenyewe.

Hilo ndilo kovu la historia hii, na tutalirudia. Ila Lwiro haikufa na ukoloni. Ilibadilishwa jina, ikapita kwenye vita vya miaka ya 1990, na leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili, CRSN, kinachoendeshwa na Wakongo. Sasa twende tuone matawi yake, moja moja.

Ziwa

Wengi wetu tumevuka Ziwa Tanganyika usiku, ndani ya mtumbwi au meli, tukikimbia. Kwetu ni maji ya hofu. Kwa wanasayansi ni moja ya maajabu ya dunia: kina chake kinafika karibu mita 1,470, na ni ziwa moja tu duniani, Baikal la Urusi, lenye kina kirefu zaidi. Ndani yake kuna aina nyingi sana za samaki ambazo hazipatikani mahali pengine popote.

Lakini ngoja tuongee habari ya ndagala, ambao upande wa Kigoma wanaitwa dagaa, na mukeke, ambao Kigoma wanaitwa migebuka. Kila mtu aliyekulia kando ya ziwa amesikia wazee wakilalamika kwamba samaki wamepungua. Wengine wanasema ni nyavu ndogo, wengine ni wavuvi wengi, wengine ni dhambi zetu.

Mwaka 2003 watafiti walitoa majibu ambayo hayakutarajiwa. Walilinganisha vipimo vya joto la ziwa vilivyochukuliwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakachimba matope ya chini ya ziwa na kuyasoma kama mtu anavyosoma daftari la zamani. Wakaona hivi: maji ya juu yamepata joto, na maji ya joto ni mepesi, yanakaa juu kama mafuta kwenye supu. Maji ya chini ni baridi na mazito, na ndiyo yenye mbolea inayolisha mimea midogo ya ziwa. Zamani upepo ulikuwa unayachanganya. Joto likizidi, na upepo ukipungua, hayachanganyiki vizuri. Mbolea inabaki chini, mimea midogo inapungua, na ndagala anakosa chakula. Walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki yanaweza kuwa yameshuka kwa asilimia 30 hivi.

Hebu fikirini. Kujibu swali moja la mama muuza ndagala ilibidi fizikia ya joto, kemia ya matope, biolojia ya vijidudu na elimu ya hali ya hewa vikae meza moja. Na jibu lenyewe halikuwezekana bila vipimo vya zamani. Mtu aliyeshusha kipimajoto majini mwaka 1913 hakujua kwamba anatujibu sisi. Alipima tu, akaandika vizuri, akahifadhi.

Mlima

Tupande juu kidogo. Idara ya matetemeko ya Lwiro ndiyo iliyozaa kituo cha kuangalia volkano cha Goma, mwaka 1986. Wenzetu wa Goma hawahitaji kuelezwa Nyiragongo ni nini. Ulilipuka Januari 1977, ukalipuka Januari 2002 na kukata katikati ya mji, ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021.

Kabla ya mlipuko wa 2002, Mkongo mmoja mtaalamu wa volkano, Dieudonné Wafula, alikuwa ameona dalili na ameonya. Vifaa vilikuwa vichache, nchi ilikuwa vitani, na Goma ilikuwa mikononi mwa waasi. Onyo halikupata masikio ya kutosha. Watu laki kadhaa walikimbilia Gisenyi kwa miguu, na baadhi yetu tulibebwa mgongoni siku hiyo.

Mwaka 2021 mambo yalikuwa tofauti. Watafiti wa Goma na wenzao wa nje walipochambua rekodi baadaye waligundua kwamba vifaa havikuonyesha dalili ya wazi hadi chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Kwa hiyo historia ya mlima mmoja inatupa mafunzo mawili. Mara ya kwanza sayansi ilisema, watu hawakusikiliza. Mara ya pili sayansi yenyewe haikuona. Anayewaambia kwamba mwanasayansi anajua kila kitu anawadanganya. Tofauti yake ni kwamba akikosea anarudi kwenye rekodi, anatafuta amekosea wapi, na anaandika hadharani.

Na kuna jambo moja la kutufurahisha. Kuzunguka Goma na Sake kuna mashimo na mabonde ambapo hewa ya ukaa inatoka ardhini, inajikusanya chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na inaua mbuzi, mbwa, hata mtoto aliyelala chini. Wenyeji wanaita mazuku, yaani upepo mbaya. Leo ukifungua makala za wataalamu wa volkano, iwe Italia au Japani, neno wanalotumia ni hilohilo, mazuku. Halikutafsiriwa. Watu wa kwetu waliona, wakalipa jina, wakawakataza watoto kucheza mabondeni asubuhi na mapema, na dunia ikalichukua jina lao. Huo si utafiti? Kilichokosekana ni kipimo na daftari.

Chini kidogo kuna Ziwa Kivu, lenye gesi iliyoyeyuka kwenye maji ya kina. Inakadiriwa kuna kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa na 60 hivi za methani. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos kule Kameruni lilitoa gesi yake usiku, watu kama 1,700 wakafa. Tangu hapo hakuna mtu makini anayelitazama Kivu kama ziwa la kawaida tu. Lakini gesi hiyohiyo ni kuni. Tangu mwaka 1963 upande wa Gisenyi methani kidogo ilivutwa kwa ajili ya kiwanda cha bia, na mwishoni mwa 2015 Rwanda ikaanza kuzalisha umeme nayo kwa wingi zaidi. Mwanakemia anapima, mhandisi anajenga bomba, mwanajiolojia anaangalia mlima usije ukaamsha ziwa. Kazi ni moja, watu ni watatu.

Sahani

Sasa tuingie jikoni, maana hapo ndipo sayansi inapotugusa kila siku.

Kivu tuna neno bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu na kunyofoka, anakuwa mnyonge, hacheki. Hospitalini wanaita kwashakoo, jina lililotoka lugha ya Kiga cha Ghana, likaingia kwenye vitabu vya tiba mwaka 1935 kupitia daktari Cicely Williams. Katika Kiga lina maana ya ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Mama zetu wangeelewa mara moja: mtoto anaachishwa ziwa, anabaki na ugali mtupu.

Lwiro ilikuwa na hospitali ya watoto, na kwa miaka mingi madaktari wa Kibelgiji na wa Kikongo walichunguza bwaki pale. Mulago, Kampala, kazi kama hiyo ilifanyika tangu miaka ya 1950. Kutokana na kazi za namna hii duniani, madaktari walijifunza jambo ambalo ni kinyume cha moyo wa mzazi: mtoto aliyedhoofika sana hupewi ruhusa ya kumshibisha siku ya kwanza. Mwili wake unaweza kushindwa, akafa. Ndiyo sababu kwenye kituo cha afya kambini mtoto huanza na maziwa ya F-75, ambayo ni mepesi, ndipo apewe F-100. Mama akilalamika kwamba mwanawe ananyimwa chakula, mwambieni historia hii.

Hadithi haikuishia hapo. Watafiti wa Kongo na wenzao wa Ubelgiji walifanya kazi tunayoipenda sana. Walirudi vijijini kuwatafuta watu waliotibiwa Lwiro wakiwa watoto, kati ya 1988 na 2007. Walitaka kujua mtoto aliyepona bwaki anakuwa mtu mzima wa namna gani. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba, wakilinganishwa na wenzao wa vijiji vilevile ambao hawakuugua, walikuwa na alama za chini katika vipimo vya akili na walikuwa wamesoma kidogo zaidi. Kupona peke yake hakukutosha.

Ndugu zetu wa mashirika, tunaomba msome aya hiyo mara mbili. Mgao wa chakula ukipunguzwa, kinachopungua si kilo za unga tu. Kinachopungua ni darasa la miaka kumi na tano ijayo. Hatusemi haya kwa hasira. Ni watafiti waliopima, tena kwetu.

Na ugali wenyewe je? Muhogo ulikuja Afrika kutoka Amerika pamoja na meli za Wareno, lakini ugonjwa wake mkubwa, batobato la majani, ni wa huku kwetu. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Pale Amani, kwenye milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na baada ya Waingereza kukichukua, mtaalamu H. H. Storey alianza miaka ya 1930 kuzalisha mihogo inayovumilia batobato. Alichanganya muhogo wetu na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceara. Ilichukua miaka. Mbegu za kazi ile zilifika Nigeria, zikawa msingi wa mihogo mingi bora ya baadaye. Batobato kali lilipolipuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kushuka hadi Rwanda, Burundi na Kongo, mihogo yenye damu ya Amani ilikuwa sehemu ya dawa. Wakulima waliokula mizizi ile hawakuwahi kusikia jina la Amani.

Damu

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu Yambuku, kaskazini mwa Kongo. Daktari wa kwanza mtaalamu wa virusi kufika pale alikuwa Mkongo kijana, Jean-Jacques Muyembe. Alichukua damu za wagonjwa kwa mikono yake, bila glavu, akaosha mikono kwa sabuni. Damu ya mtawa mmoja mgonjwa aliyerudi naye Kinshasa ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji. Virusi vikapewa jina la mto: Ebola. Kwa miaka mingi hadithi hiyo ilisimuliwa duniani huku jina la Muyembe likitajwa mwishoni, au lisitajwe kabisa.

Yeye hakukaa kulalamika. Mwaka 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, aliuliza swali rahisi: aliyepona ana kitu gani kwenye damu yake? Timu yake iliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliopona. Saba waliishi. Wengi nje walisema wagonjwa wanane hawatoshi kuthibitisha kitu, na kwa kanuni za utafiti walikuwa na haki. Lakini swali lilikuwa zuri. Baadaye, kutoka kwenye damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, wanasayansi walitoa kingamwili moja, wakaiita mAb114.

Mwaka 2018 Ebola ikaingia Beni, Mangina na Butembo, katikati ya vita. Wenzetu wengi waliovuka kwenda Uganda wanaikumbuka miaka ile. Katika vituo vya matibabu vya huko, wagonjwa 681 walishiriki jaribio la dawa nne. Agosti 2019 majibu yakatoka: dawa mbili zilifanya vizuri zaidi, mojawapo ikiwa ile ya Kikwit. Kati ya waliopewa hizo mbili, thuluthi moja hivi walifariki, wakati kwa dawa ya kulinganishia walifariki karibu nusu. Watu wa Beni na Butembo, wakiwa na homa, milio ya bunduki ikisikika, ndio waliothibitisha kwamba Ebola inatibika.

Lakini tusifiche kilichotokea nje ya vituo hivyo. Watu walisema "Ebola ni biashara." Vituo vilichomwa, wahudumu waliuawa. Wageni walisema ni ujinga. Sisi tunaotoka huko tunajua si ujinga tu. Watu waliona magari mapya, wageni wengi na fedha nyingi kwa ugonjwa mmoja, wakati kwa miaka mingi waliuawa kwa panga na hakuna gari lililokuja. Zaidi ya hapo, walikuwa wameshatolewa damu na kuulizwa maswali mara nyingi, na hakuna aliyewahi kurudi kuwaambia majibu. Uaminifu unajengwa siku ambayo hakuna ugonjwa. Usipojengwa siku hiyo, ukija na dawa nzuri utapokewa kwa mawe.

Aliyeuliza

Sasa tuvuke ziwa, upande wa Tanzania, maana kuna kijana mmoja tunataka yule binti amjue.

Mwaka 1963, shule ya Magamba huko Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Walikuwa wanachemsha maziwa na sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa inaisha, Mpemba akaogopa kuikosa, akaweka yake ikiwa bado ya moto. Ikaganda kabla ya ya mwenzake ambayo haikuchemshwa.

Akamuuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokwenda kusoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa. Siku moja profesa wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, akaja kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama akauliza lilelile mbele ya watu. Darasa likacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, na leo jambo hilo dunia nzima linaitwa athari ya Mpemba. Wanafizikia bado wanabishana: wengine wanasema lipo, wengine wamejaribu wasilione. Ubishi huo wote ulianza kwa mwanafunzi aliyekataa kuamini kwamba macho yake yalimdanganya.

Mpemba hakuwa na maabara. Alikuwa na friza ya shule, foleni ya wanafunzi, na ukaidi mzuri.

Majibu yarudi

Tumefika kwetu, kambini. Kila baada ya miezi michache wanakuja watu na tableti. Wanapima mikono ya watoto, wanauliza tunakula mara ngapi, tunalala vipi, tunaota nini. Tunajibu. Tunaweka sahihi au dole gumba. Gari linaondoka. Wengi wetu tumejibu maswali mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka, na hatujawahi kuona ukurasa mmoja wa majibu.

Hatukatai kuulizwa. Historia tuliyoisimulia inaonyesha faida yake: bila waliopimwa Lwiro tusingejua habari ya bwaki, bila waliokubali Beni tusingekuwa na dawa. Tunachoomba ni kidogo. Mkimaliza, rudini. Kaeni na sisi nusu saa chini ya mwembe, mtuambie mliona nini, kwa Kiswahili, au Kirundi, au Kinyarwanda, au lugha yoyote tunayoelewa. Na mkija tena, msituchukue kwa kazi ya kutafsiri na kuonyesha njia peke yake. Hiyo kazi wazee wetu walishaifanya. Tufundisheni kuandaa swali, kupima na kuhesabu, na majina ya waliofanya kazi yaandikwe.

Kwetu sisi vijana nako kuna deni. Mwaka jana tulikata chupa ya maji ya lita moja na nusu, tukaichora mistari kwa rula, tukaiweka nyuma ya kanisa mahali pasipo na paa, tukapima mvua kila asubuhi kwa miezi mitatu. Walitucheka sana. Lakini yale maji yaliyoingia kwenye nyumba za block ya chini, sasa tunajua yaliingia siku zipi na mvua ilikuwa milimita ngapi. Tulipeleka daftari kwa mhusika wa mifereji. Alipiga picha kurasa zote, akatushukuru. Mpaka leo hatujasikia kitu, ila daftari liko, na msimu huu tunaendelea. Aliyepima ziwa mwaka 1913 naye hakusikia kitu.

Kwa hiyo, dada yetu wa Uvira, chagua masomo unayoyataka. Ukipenda historia, karibu, tutakaa benchi moja. Ila usichague kwa sababu uliambiwa sayansi ni ya kwao. Ziwa ni lako, mlima ni wa mwenzako wa Goma, muhogo ni wa bibi zetu wote, na damu iliyoleta dawa ni ya watu wa Kikwit. Maabara hatuna, hilo bado ni kweli, na tutaendelea kulidai. Chupa ya mvua iko nyuma ya kanisa. Jumatatu hadi Ijumaa tuna wapimaji. Jumamosi na Jumapili tunatafuta mtu.